Majaribio ya mapema ya mchezo wa mtandaoni: maana yake na wakati wa kuyafungua

Majaribio ya mapema ni kipindi ambacho mtengenezaji wa mchezo wa mtandaoni huwaruhusu watu wa nje, wasio wafanyakazi wake wala jamaa zake, waucheze mchezo ilhali bado haujakamilika, ili aone kitakachotokea na aweze kurekebisha kabla ya kuuzindua rasmi. Uzito wa maana hiyo uko kwenye kule kuweza kurekebisha. Kipindi ambacho hakiachi nafasi ya kubadilisha chochote ni tangazo la biashara, hata kikiitwa majaribio.

Watengenezaji wengi hulitafuta jibu la lini wafungue kwa kuukagua mchezo wenyewe: umeshapendeza kiasi cha kuonyeshwa watu, au bado? Naona swali lianzie kwingine. Wakati wa kufungua umefika pale mtengenezaji anapokuwa na swali ambalo yeye na wenzake hawawezi kulijibu wakiwa peke yao, na bado ana muda na fedha za kulifanyia kazi jibu lake, hata likiwa chungu. Akifungua kabla ya kuwa na swali, atapokea kelele. Akifungua baada ya muda na fedha kwisha, atapokea ukweli asioweza kuutumia.

Majina yanayotumika zaidi kwa hatua hizi ni alfa na beta. Kwa kawaida alfa ni hatua ambayo mifumo mikuu ipo lakini mengi hayajawekwa: ramani ina sehemu tupu, baadhi ya wahusika hawana sauti, na mchezo unaweza kuzima wenyewe katikati ya pambano. Beta ni hatua ambayo karibu kila kilichokusudiwa kimeshaingia, na kazi iliyobaki ni kusaka kasoro, kupima uwezo wa seva, yaani kompyuta kuu zinazouendesha mchezo mtandaoni, na kusawazisha nguvu za silaha au wahusika. Beta ya mwaliko ina orodha ya watu waliochaguliwa, na beta ya wazi humpokea yeyote. Kuna pia ufikiaji wa mapema, ambapo mtu hununua mchezo usiokamilika na kuucheza huku ukiendelea kujengwa. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, lilianzisha mpango wake wa aina hiyo mwaka 2013, lakini Markus Persson wa Sweden alikuwa ameshapita njia hiyo na mchezo wake, Minecraft: aliiweka mtandaoni Mei 2009, akaanza kuiuza mwezi uliofuata, akaiita beta Desemba 2010, na toleo kamili likatoka Novemba 2011. Kila kampuni huyatumia majina haya inavyoona, kwa hiyo ni afadhali kutazama kinachopimwa kuliko jina lililobandikwa.

Mchezo wa mtu mmoja unaweza kupimwa kwa kiasi kikubwa na waliouunda. Mchezo wa mtandaoni hauwezi, kwa sababu wachezaji wenyewe ni sehemu ya mtambo: soko la ndani ya mchezo ni tamaa zao, vita ni hasira zao, na mji unachangamka au kufa kwa kadiri wanavyopenda kukaa humo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ultima Online, mchezo wa kampuni ya Origin ya Texas, Marekani, uliozinduliwa Septemba 1997 baada ya majaribio yaliyoshirikisha maelfu ya watu. Waliouunda walikuwa wamejenga mfumo wa mazingira wa kuvutia, ambamo wanyama wanaokula majani walifuata malisho, wanyama wakali waliwafuata hao, na mawindo yakipungua wakali wangeelekea kwingine kutafuta riziki. Kwenye karatasi ulikuwa mfumo uliokamilika. Walipoingia wachezaji, waliua kila kilichotembea, mdogo kwa mkubwa, kwa kasi kuliko wanyama walivyoweza kuzaliwa, na nyika ikabaki tupu kabla mnyama yeyote hajapata nafasi ya kumwinda mwenzake. Kazi ile ya muda mrefu ikaondolewa. Wafanyakazi kumi au ishirini, wanaojua mfumo umekusudiwa nini na wanaoupenda, wasingeligundua jambo hilo hata wangecheza mwaka mzima.

Majaribio hayohayo yalitoa tukio jingine. Agosti 1997, wakati wa kupima kama seva zingehimili umati, Richard Garriott, mwasisi wa michezo ya Ultima, aliingia akiwa na mhusika wake mfalme, Lord British, ili azungumze na wachezaji. Mfalme huyo alikusudiwa asife. Lakini seva ilikuwa imezimika na kuwashwa upya, na kinga yake haikuwa imerudishwa. Mchezaji mmoja alirusha moto wa kichawi na mfalme akaanguka mbele ya watu wake. Baadaye mchezaji huyo alifungiwa, na maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba alikuwa na rekodi ya kuzitumia kasoro badala ya kuziripoti. Hapa kuna somo la kazi kabisa: kinga iliyotegemea mtu kukumbuka kuiwasha ni kasoro ambayo isingeonekana bila seva kuelemewa na bila mtu mtundu kuwepo. Mjaribu mwenye adabu nyingi angemsikiliza mfalme na kwenda zake.

Kuchelewa nako kuna gharama zake, na mfano wake ni Final Fantasy XIV ya kampuni ya Square Enix ya Japani. Beta yake ilianza Julai 2010, ikafunguliwa kwa wote mwanzoni mwa Septemba, na mchezo ukazinduliwa kabla mwezi huo haujaisha. Walioujaribu walilalamikia menyu nzito, udhibiti wa taabu na mwendo wa kuchosha, mambo ambayo yako kwenye mifupa ya mchezo na hayarekebishiki kwa wiki chache. Ukatoka vilevile. Kampuni ikaja kubadilisha uongozi wa mradi Desemba 2010, ikamkabidhi Naoki Yoshida, na hatimaye ikaamua kuujenga upya. Seva za toleo la kwanza zilizimwa Novemba 2012 na toleo jipya likatoka Agosti 2013. Wachezaji wa beta walikuwa wamesema kweli, lakini kweli hiyo ilifika wakati tarehe ya kuuza ilikuwa imeshatangazwa.

Kwa hiyo maswali yapangwe kwa kina chake. Swali linalogusa msingi, kama vile iwapo watu wanafurahia kitendo kikuu cha mchezo wakikirudia mara hamsini, liulizwe mapema sana, kwa watu wachache wa mwaliko, hata kama nyumba za mji bado ni maboksi ya kijivu. Swali la umati na seva liulizwe baadaye, kwa sababu halina maana mpaka mchezo uwe karibu na hali utakayozinduliwa nayo. Ukiyachanganya, watu elfu tano watakuja kukuambia maboksi ni ya kijivu, jambo unalolijua.

Kufungua mapema mno kwa umati kunafanana na kufunua sufuria ya pilau kila dakika: mvuke unatoka, na wali hauivi kama ulivyokusudiwa. Mchezaji aliyekutana na mchezo unaokwama katika dakika ya tatu hurudi kwa shida, na hadithi atakayowasimulia wenzake itaishi kuliko kasoro yenyewe. Kabla ya kuruhusu hata watu ishirini, ninaona mambo machache hayana mjadala. Mchezo ufunguke kwenye vifaa vya wajaribu na mtu aweze kumaliza mzunguko mmoja kamili, kuanzia kuingia mpaka pambano kwisha na kupata alichokishinda. Mchezo ujirekodi wenyewe unapozima, maana mchezaji atakuandikia tu kwamba umegoma, na neno hilo peke yake halimsaidii fundi. Na awepo mtu ambaye kazi yake katika siku hizo ni kusoma ripoti na kuzijibu, wala asiwe yuleyule anayezima moto kwenye seva.

Kwa anayetengeneza mchezo wa simu hapa kwetu, kuna swali ambalo karibu kila mara linahitaji watu wa nje, nalo ni umbali. Mwanga ndani ya kebo ya mtandao husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na tuseme seva yako iko Frankfurt, Ujerumani: kutoka Nairobi hadi huko ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60 hata kebo ingenyooshwa kama rula. Katika hali halisi huzidi hapo sana. Timu inayojaribu mchezo kwa seva iliyopo chumba cha pili haitauona ucheleweshaji huo kamwe. Mchezaji aliye Mtwara, mwenye simu ya kumbukumbu ndogo na bando linalokaribia kwisha, atauona kwenye risasi yake ya kwanza.

Idadi ya wajaribu nayo inahitaji hesabu, na wengi huikosea. Tuseme umealika watu 200, kila mmoja anacheza saa moja kwa siku, na milango iko wazi saa 24. Kwa wastani watakaokuwamo kwa wakati mmoja ni wanane. Ikiwa pambano linahitaji watu kumi, hakuna litakaloanza, nao wote 200 watakuambia mchezo umekufa. Watu haohao ukiwaomba waingie Ijumaa kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, utakuwa na ukumbi uliojaa na seva yenye kazi ya kweli. Sioni aibu yoyote katika kufungua kwa saa mbili na kufunga. Kwa mradi mdogo, hiyo ndiyo njia yenye heshima kwa muda wa mjaribu.

Mahali pa kufungulia pia hubadilisha wakati wa kufungua. Kwenye duka la Google Play, anayetumia toleo la majaribio hawezi kuandika maoni yanayoonekana na umma. Maoni yake humfikia mtengenezaji peke yake. Hapo unaweza kuanza mapema bila kuharibu jina. Akaunti mpya za watengenezaji binafsi hata zinalazimishwa: zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 lazima zifanye jaribio la mwaliko kwa siku 14 mfululizo, lenye wajaribu wasiopungua 12 (mwanzoni walitakiwa 20), kabla ya kuomba ruhusa ya kuchapisha kwa umma. Kwenye ufikiaji wa mapema wa Steam mambo ni tofauti, kwa kuwa maoni huonekana na kila mtu tangu siku ya kwanza, na mnunuzi anaweza kuomba kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 kama hajacheza zaidi ya saa mbili. Anayeuza mchezo usiokamilika hapo anapaswa kuwa na saa mbili za kwanza zilizo imara. Valve, wenye duka hilo, huwashauri watengenezaji wasianze mpango huo kama hawawezi kuendelea na kazi endapo mauzo yatakuwa kidogo au hayatakuwapo kabisa. Ni ushauri wa kweli, maana aliyelipa anadai kukamilishiwa, na deni hilo halifutwi na neno beta.

Wachezaji waambiwe kabla, kwa lugha nyepesi, kama vitu watakavyovipata vitafutwa majaribio yakiisha. Katika michezo ya mtandaoni kufuta ni jambo la kawaida, na mara nyingi ni la lazima, kwa sababu aliyekusanya dhahabu kwa kutumia kasoro angeingia kwenye uzinduzi akiwa tajiri. Lakini mtu aliyekesha wiki mbili akijenga ngome, akaamka na kuikuta haipo bila taarifa, ameonewa.

Jaribio litangaziwe siku ya kufungwa sawa na siku ya kufunguliwa, na kati ya jaribio moja na lingine ziachwe wiki za kutosha kubadilisha kilichoonekana. Duru inayofuata ikifunguliwa, wale wa mwanzo wapelekewe orodha fupi: hiki mlikiripoti, tumekirekebisha; hiki mlikipinga, tumekiacha, na sababu ni hii.