Kiazi Kitamu Huamuliwa Wiki za Mwanzo

Mkulima wa Kabondo au Busia akifukua tuta na kukuta mizizi myembamba kama penseli, hulaumu mvua ya mwisho. Mara nyingi mambo yaliharibika mapema zaidi, marando, yaani vipande vya shina vinavyopandwa, yakiwa ndiyo kwanza yanashika.

Waru za Molo, yaani viazi vya kawaida, ni shina lililovimba chini ya ardhi. Kiazi kitamu ni mzizi hasa. Siku chache baada ya kupanda, mizizi huchipuka kwenye vifundo vya rando vilivyofukiwa. Baadhi hubaki myembamba, kazi yake ikiwa kunyonya maji. Ile minene kidogo ndiyo yenye uwezo wa kuwa viazi: ndani yake seli huanza kugawanyika na kujaza wanga unaotengenezwa na majani. Lakini mzizi huo ukikosa mazingira mazuri, hukakamaa ukawa nyuzi tupu, na ukishafika hapo hata mvua nzuri ya baadaye haitaurudisha.

Ndiyo maana siku 20 hivi za kwanza nazitilia mkazo kuliko zote. Udongo uwe na unyevu, lakini maji yasituame, kwa sababu mzizi unahitaji hewa ili unenepe. Udongo ulioshikana nao huubana. Tuta lililolimwa vizuri hutatua mengi ya haya kwa pamoja. Panda mvua ikiwa imeshika, ukitumia ncha za marando za urefu wa sentimita 30 hivi, na ufukie vifundo 3 au 4. Tumia ncha kwa sababu sehemu ya chini ya rando kuukuu mara nyingi huwa na mayai ya fukusi, mdudu anayetoboa viazi.

Kuhusu samadi, tahadhari. Shamba lililo kando ya zizi hupendeza macho kwa majani mazito, kumbe chini hakuna kitu: naitrojeni ya samadi ikizidi, mmea hukuza majani na kusahau mizizi. Potasiamu, ambayo jivu la jikoni linayo, husaidia viazi kunenepa.

Viazi vikinenepa, tuta hupasuka, na fukusi hupitia nyufa hizo kwa kuwa hawezi kuchimba. Pandisha udongo wakati wa palizi. Na kwa wanaofukua kidogo kidogo cha kupika, kama ilivyo desturi yetu huku magharibi, ukitoa kiazi ziba shimo papo hapo, vile vidogo vilivyobaki viendelee kukua salama.