Mtoto Anayecheza Mabomu Hajasahau

Arusha tunayajua haya. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti. Tarehe 15 Juni jingine likarushwa kwenye mkutano wa Chadema, viwanja vya Soweto. Kote kuwili miongoni mwa waliouawa walikuwemo watoto. Waliobaki wengi waliambiwa wanyamaze tu, yatapita.

“Bado mdogo, haelewi.” Hili ndilo kosa kubwa. Wa miaka minne huenda hajui kwamba aliyekufa harudi, lakini mlio aliusikia, na alimwona mama yake akitetemeka. Usipomweleza atajitungia sababu, na mara nyingi atajilaumu: nilikataa kula, ndiyo maana Mungu amekasirika. Mwambie ukweli kwa maneno machache: mtu alirusha bomu, watu wameumia, si kosa lako, sasa uko na mimi. Ukimdanganya kwamba mjomba amesafiri, ataendelea kumsubiri.

“Si unaona anacheza? Ameshasahau.” Mtoto husema kwa mchezo. Anapanga vizibo vya soda uani, anavipiga teke, “puu!”, anaviokota, anapanga tena. Usimfokee. Chuchumaa hapo, muulize nani anakuja kuwasaidia walioanguka. Akiurudia wiki baada ya wiki kwa hofu ileile, mtafutie mtaalamu.

Wapo wanaodhani lazima asimulie yote ili atoe sumu. Kumkamua mtoto maneno, tena mbele ya wageni wa msibani (tunapenda sana hili), kunamwumiza upya. Ajue tu kwamba akitaka kusema utamsikiliza.

Wa miaka saba akianza tena kukojoa kitandani, au tumbo likimuuma kila asubuhi, si ukaidi. Fimbo haitibu hofu. Na mvulana alie, machozi hayana jinsia.

“Hakuwepo, hajaathirika.” Na zile video za WhatsApp? Baada ya bomu la Oklahoma City, Marekani, mwaka 1995, watafiti waliona dalili za kiwewe hata kwa watoto walioishi mbali na tukio, hasa waliotazama sana habari zake kwenye televisheni. Simu yako ifiche.

Wengi hutulia ndani ya wiki chache. Dalili zikipita mwezi, nenda hospitali, kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure.

Shule je, asubiri mpaka apone? Arudi mapema iwezekanavyo, ratiba ya kawaida humtuliza. Ila mwalimu aambiwe kwanza, asije akamchapa kwa kuruka chini ya dawati kengele inapogongwa.