Ngano ya Filburn na mipaka ya serikali ya Washington

Kwa mavuno ya mwaka 1941, mkulima wa jimbo la Ohio, Marekani, aitwaye Roscoe Filburn alipangiwa na serikali, iliyokuwa ikipunguza ngano ili bei isishuke, kulima ekari 11.1 tu. Akalima 23. Ngano iliyozidi ilifika busheli 239, akatozwa dola 117.11. Filburn hakukubali. Desturi yake ilikuwa kuuza sehemu ya mavuno, nyingine kulisha mifugo na kuku, nyingine kusaga unga wa nyumbani, na iliyobaki kuiweka mbegu. Serikali iliyo Washington inahusika vipi na ngano ambayo mtu ameilima mwenyewe na kuila mwenyewe? Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Novemba 1942 majaji wote, bila hata mmoja kupinga, wakasema inahusika.

Hukumu hiyo hushangaza watu, na ni haki yao kushangaa. Ili kuielewa, lazima kwanza tuelewe kwamba serikali ya shirikisho ya Marekani haina madaraka ya jumla. Bunge lake haliwezi kutunga sheria kwa sababu tu sheria hiyo ni nzuri. Ni lazima lioneshe ni neno gani la katiba linaloliruhusu. Kifungu cha 8 cha Ibara ya Kwanza kinaorodhesha madaraka hayo: kutoza kodi, kukopa, kutengeneza sarafu, kutangaza vita na mengine. Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yakaongeza kwamba yasiyokabidhiwa shirikisho, wala kukatazwa kwa majimbo, ni ya majimbo au ya wananchi. Katika orodha ile mna maneno machache kuhusu kusimamia biashara na mataifa ya nje, baina ya majimbo, na makabila ya Wahindi Wekundu. Ugomvi wa zaidi ya miaka mia mbili umebebwa na maneno hayo, yanayoitwa kifungu cha biashara.

Yaliwekwa pale kwa sababu ya shida iliyoonekana kwa macho. Chini ya mkataba wa muungano ulioanza kutumika mwaka 1781, Bunge halikuweza kutoza kodi. Liliomba majimbo fedha, nayo yakatoa yakitaka. Pendekezo la kutoza asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje lilikwama kwa sababu Rhode Island peke yake ilikataa, maana mabadiliko yalihitaji majimbo yote 13. Majimbo yenye bandari yakawa yanajipatia mapato kwa bidhaa zinazokwenda kwa jirani. Wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba walitaka kukomesha hayo bila kuzaa mfalme mwingine. Rhode Island haikupeleka mjumbe hata mmoja.

Jaji Mkuu John Marshall ndiye aliyeyapanua maneno hayo kwa mara ya kwanza, mwaka 1824. Jimbo la New York lilikuwa limetoa ukiritimba wa meli za mvuke katika maji yake. Thomas Gibbons, akivusha abiria kutoka New Jersey kwa leseni ya shirikisho, akashtakiwa na Aaron Ogden aliyenunua haki ndani ya ukiritimba ule. Marshall akasema biashara si kununua na kuuza tu. Usafiri wa meli pia umo, na sheria ya shirikisho inapogongana na ya jimbo katika eneo hilo, ya jimbo inaanguka.

Hapa ndipo simulizi zilizozoeleka hupotosha. Tunaambiwa kwamba kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kusini ilitetea haki za majimbo na Kaskazini ikatetea shirikisho. Tazama basi sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Kusini ndiyo iliyoidai, na ilikuwa ya shirikisho kwelikweli: iliamuru raia wa kawaida kusaidia kukamata watu, na ofisa aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Mahakama ya juu ya jimbo la Wisconsin ikatangaza kwamba sheria hiyo inakiuka katiba. Wenye watumwa hawakuheshimu haki hiyo ya jimbo hata kidogo, na mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa wao ushindi. Kwa maoni yangu, kesi hii inafundisha zaidi kuliko hotuba zote za zama zile. Kabla ya kumsikiliza mtu anayehubiri haki za majimbo, au ukuu wa shirikisho, uliza kwanza anataka nini wiki hii.

Baada ya vita, viwanda vikakua na reli zikaunganisha nchi nzima. Mwaka 1916 Bunge likapiga marufuku kusafirisha nje ya jimbo bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto wa chini ya miaka 14. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4, ikidai kwamba kuzalisha bidhaa si biashara. Mstari huo kati ya kuzalisha na kuuza ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, na Mdororo Mkuu wa uchumi ukauvunja. Rais Franklin Roosevelt, aliyechoshwa na mahakama iliyokuwa ikifuta sheria zake, alipendekeza mwaka 1937 kuongeza hadi majaji sita. Baraza la Seneti likamkatalia, lakini Aprili mwaka huohuo mahakama ilikwisha kugeuka, ikaikubali sheria ya kulinda vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1941 ikaibatilisha hata hukumu ile ya watoto.

Filburn akaja mwaka uliofuata. Hoja ya majaji haikuwa kwamba ngano ya mtu mmoja inatikisa soko. Walisema kila anayekula ngano yake hanunui ya sokoni, na wakijumlishwa wote wanaofanya hivyo, bei nchini kote inaguswa. Ukikubali kujumlisha hivyo, ni kitu gani kitabaki nje?

Swali hilo lilipata uso mwingine mwaka 1964. Sheria ya Haki za Kiraia ilikataza hoteli na migahawa kuwabagua watu kwa rangi yao. Kwa kuwa tangu mwaka 1883 mahakama ilikuwa imeamua kwamba Marekebisho ya 14 ya katiba, yanayodai usawa mbele ya sheria, yanazibana serikali za majimbo na si wafanyabiashara binafsi, Bunge liliegemea zaidi kifungu cha biashara. Moteli moja ya Atlanta yenye vyumba 216 ilipinga. Takriban robo tatu ya wageni wake walitoka nje ya Georgia, ikashindwa. Kwa hiyo mantiki ileile iliyomlipisha mkulima kwa ngano yake ndiyo iliyomfungulia msafiri mweusi mlango wa hoteli. Anayetaka kuitupa ya kwanza atueleze atakavyoisalimisha ya pili.

Mipaka ilirudi mwaka 1995, mahakama ilipofuta sheria ya shirikisho iliyokataza bunduki karibu na shule: kubeba bunduki, ilisema, si shughuli ya kiuchumi. Mwaka 2012 ikasema kifungu cha biashara hakimruhusu mtu kulazimishwa kununua bima ya afya, kisha ikaiokoa sheria iliyolazimisha hivyo kwa kusema kwamba adhabu ya asiyenunua ni kodi.

Katikati ya kesi hizo kuna ya mwaka 1997, ambayo wasiokuwa wanasheria huifahamu kidogo. Masherifu wawili, yaani wakuu wa polisi wa kaunti, wa Montana na Arizona, walikataa kutekeleza sheria ya shirikisho iliyowaagiza kuwachunguza wanunuzi wa bunduki. Walishinda: Washington haiwezi kuwaamuru maofisa wa majimbo kuitekelezea sheria zake. Wahafidhina walifurahi. Miaka ishirini baadaye, mawakili wa miji kama Chicago na Philadelphia waliitumia hukumu hiyohiyo kueleza kwa nini polisi wao hawalazimiki kuwasaidia maofisa wa uhamiaji wa Rais Donald Trump.