Wilaya moja si lazima iwe na mbunge mmoja

Wengi Bagamoyo huamini kwamba kila wilaya ni jimbo moja la uchaguzi. Mambo ya wilaya na jimbo hukutana, lakini hayafanani. Wilaya ni mgawanyo wa utawala. Jimbo hukatwa na tume ya uchaguzi, kwa kuangalia idadi ya watu, mawasiliano na hali ya kijiografia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 75, inataka mgawanyo huo uchunguzwe angalau kila baada ya miaka 10.

Ndiyo maana wilaya ya Bagamoyo ina majimbo mawili, Bagamoyo na Chalinze. Mkazi wa Dunda, jimbo la Bagamoyo, na wa Lugoba, jimbo la Chalinze, wana mkuu wa wilaya mmoja, ila wabunge tofauti. Lushoto, mkoani Tanga, imekuwa na matatu: Lushoto, Mlalo na Bumbuli.

Kujua jimbo lako, anza na kata, si barabara wala soko unalotumia. Kwa mfano, kata ya Mapinga inapakana na Bunju ya Dar es Salaam, na wakazi wake wengi hushinda Dar es Salaam kikazi. Hata hivyo, jimbo lake ni Bagamoyo. Kisha linganisha kata na tangazo la majimbo kwenye Gazeti la Serikali, au uliza kwa mtendaji wa kata. Ukihama, hamisha taarifa zako daftari la wapigakura linapoboreshwa, la sivyo jina litabaki kituo cha zamani.