Ukungu wa Nkungwe na mizimu inayokataa wageni

Huko Kigoma huenda ukasikia kwamba ukipanda Nkungwe, kilele cha milima ya Mahale kilicho kitakatifu kwa Watongwe, wenyeji wa eneo hilo, ukafunikwa na ukungu na kichwa kikauma, basi mizimu imekukataa. Heshima ya mlima ina wenyewe. Lakini ukungu hutokana na hewa yenye unyevunyevu, ya Ziwa Tanganyika hasa, inayopoa ikipanda safu ya Mahale.

Kichwa je? Kutoka ziwani hadi kileleni, mita 2,462, ni mwinuko wa karibu mita 1,700. Ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya juu milimani, huonekana zaidi juu ya mita 2,500, kwa hiyo shuku kwanza kiu na uchovu. Angalia mkojo: ukikolea kama chai ya rangi, kunywa maji, pumzika, maumivu yakizidi, teremka.

Ukiwa ufukweni, tazama kilele siku kadhaa. Wingu hukifunika hata pasipo mpandaji.