Je, wajua kwa nini mkono wa mama jikoni hauigiki?

Unapita mahali, kitunguu kinakaangwa nyuma ya mlango wa mtu usiyemjua, na ghafla una miaka sita. Unaiona sufuria yenye mfuniko uliobonyea na mgongo wa mama akiwa ameinamia jiko. Hukukusudia kukumbuka. Imekujia tu.

Siri iko kwenye njia ambayo harufu hupita. Tunachokiona na kukisikia hupitia kwanza thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachochambua taarifa kabla ya kuzisambaza. Harufu haisubiri hapo. Ikitoka puani huingia kwenye kifundo kidogo cha neva kilicho juu ya pua, na kutoka hapo ni karibu sana na amigdala, inayoshughulika na hisia, na hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Ndiyo maana moyo hushtuka kabla hujajua umenusa nini.

Ladha nayo, kwa sehemu kubwa, ni harufu. Unapotafuna, hewa ya chakula hupanda puani kupitia nyuma ya koo na kukutana na vipokezi, yaani vinasa harufu, vya aina zipatazo 400. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walitangaza jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Bana pua ukila mchuzi, utabaki na vitu kama chumvi na ukali tu.

Kumbukumbu zinazoamshwa na harufu huwa zaidi za kabla ya miaka 10, tofauti na zile zinazoamshwa na maneno au picha, ambazo nyingi ni za ujana. Mafunzo huanza mapema kuliko tunavyodhani: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha waliupokea vizuri zaidi uji wenye ladha ya karoti.

Basi kwa nini nikipika mwenyewe, kwa vipimo vilevile, ladha haiwi ileile? (Vipimo vyenyewe! Nilimuuliza mama chumvi kiasi gani, akajibu, “Kiasi, mwanangu.”) Pua huzoea. Ukikaa na harufu moja kwa muda, inaacha kuisikia sawasawa. Mpishi aliyesimama juu ya sufuria saa nzima hufika mezani pua imechoka, lakini mtoto aliyetoka kucheza, mwenye njaa, huipokea yote kwa mkupuo mmoja.

Mama alizoea kula vijiko viwili vitatu na kusema, “Nimeshiba harufu.” Miaka yote niliamini anatuachia sisi tu. Huenda alituachia kweli, lakini pia alikuwa anasema alichokisikia.

Siku hizi nikishaepua, nafunika sufuria na kutoka nje, nakaa mpaka pua itulie. Kisha narudi na kusukuma mlango polepole, kama mtoto aliyeitwa kula.