Pombe Ndani ya Mashua: Kwa Nini Nahodha Asiyelewa Hatoshi

Katika mafunzo ya usalama majini, halikosekani swali la kama inafaa mtu kunywa pombe anapovua samaki. Wanaoliuliza kwa kawaida ni wavuvi wa kujiburudisha, watu wazima wenye akili timamu na wasio na nia ya kulewa chakari, ambao wanataka tu kujua kama bia mbili tatu katika saa ndefu za kungoja samaki aguse chambo ni jambo la kulaumiwa. Mimi ni daktari wa dharura ninayefundisha pia uokoaji, na kabla ya kujibu humuuliza mwulizaji atavulia wapi. Anayetupa mshipi akiwa ukingoni, juu ya ardhi kavu na tambarare, na anayeutupa akiwa ndani ya mashua ndogo hawako katika hali moja hata kidogo, ijapokuwa wamekunywa kiasi kilekile.

Sheria, kwa sehemu kubwa, humtazama anayeshika usukani. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho humhesabu mwendesha chombo cha starehe kuwa amelewa pindi pombe katika damu yake inapofikia asilimia 0.08, na kwa vyombo vya biashara kiwango hicho hushuka hadi asilimia 0.04. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW, kwa mujibu wa marekebisho yaliyopitishwa Manila mwaka 2010, umeweka kikomo cha asilimia 0.05 kwa manahodha, maofisa na mabaharia wengine waliopewa majukumu maalumu ya usalama. Sina ugomvi na viwango hivyo. Ninachogombana nacho ni imani iliyozaliwa kutokana navyo, kwamba maadamu kuna mtu mmoja asiyelewa kwenye injini, waliobaki wanaweza kunywa bila wasiwasi, kama abiria wa gari. Abiria wa gari amefungwa mkanda kwenye kiti kisichoyumba, na akisinzia hapungukiwi na kitu. Ndani ya mashua ya uvuvi hakuna abiria kwa maana hiyo, kwa sababu kila mmoja husimama, huinama, huvuta na kuhamisha uzito wake kutoka upande mmoja hadi mwingine, na chombo kizima huitikia.

Ripoti za kila mwaka za walinzi wa pwani wa Marekani hurudia jambo lilelile: miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya ajali za vifo katika vyombo vya starehe, pombe ndiyo inayoongoza. Karibu robo tatu ya wanaokufa katika ajali hizo huzama, na zaidi ya asilimia 80 ya waliozama huwa hawakuvaa jaketi la kuokolea maisha. Mtu anayeanguka kutoka kwenye mashua iliyotia nanga, katika maji matulivu, hahitaji nahodha mlevi ili afe. Miguu yake mwenyewe inatosha.

Hapa yafaa tuelewe pombe inafanya nini katika sikio la ndani, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kuyumba kwa mlevi ni jambo la ubongo peke yake. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, iliyojaa ugiligili, na katika kila mfereji mna kijisehemu laini kama ute mzito, kiitwacho kupula, ambacho hupinda kichwa kinapogeuka na hivyo kuuarifu ubongo kwamba tumegeuka. Katika hali ya kawaida uzito wa kupula unalingana na uzito wa ugiligili unaoizunguka, kwa hiyo mvutano wa dunia hauiathiri. Pombe huingia katika kupula mapema kuliko inavyoenea katika ugiligili, na kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji, kupula huwa nyepesi na kuanza kuelea. Kuanzia hapo, kulaza kichwa tu kunatosha kuufanya ubongo upokee habari ya mzunguko ambao haupo.

Baada ya saa kadhaa kiasi cha pombe katika sehemu hizo mbili hulingana, na kizunguzungu hupoa. Kisha pombe inapotoka mwilini, huondoka kwanza katika kupula, ambayo sasa huwa nzito kuliko ugiligili, na udanganyifu uleule huanza upya kwa kuelekea upande wa pili. Hatua hii ya pili inaweza kuendelea hata baada ya kipimo cha pumzi kuonyesha kwamba pombe imekwisha. Wavuvi wanapaswa kulizingatia jambo hili kuliko watu wengi, kwa sababu ni desturi yao kukaa pamoja usiku na kuingia majini kabla ya mapambazuko. Ini hupunguza kiwango cha pombe katika damu kwa wastani wa asilimia 0.015 hivi kwa saa, na wala kahawa, wala kuoga maji ya baridi, wala kula kifungua kinywa kizito hakuiharakishi kazi hiyo. Aliyefikia asilimia 0.08 saa sita usiku bado atakuwa na pombe kidogo katika damu yake saa kumi na moja alfajiri, wakati wenzake wanaponyanyua nanga.

Nchi kavu, macho na nyayo husahihisha sehemu ya makosa ya sikio. Ndani ya mashua nyayo zinakanyaga kitu kinachocheza, na gizani au kwenye ukungu macho hayana upeo wa kutazama. Chini ya maji hakuna kimoja wala kingine, na aliyekunywa anaweza kupotewa na mwelekeo kiasi cha kutojua uso wa maji uko wapi. Aidha, jua, mng'ao wa maji, upepo, kelele za injini na mtikisiko wa chombo huuchosha mwili na kuupunguzia wepesi wa kuitikia hata bila tone la kileo. Ndiyo maana nasema kwamba glasi moja majini si sawa na glasi moja barazani.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wangu hulicheka mpaka nilieleze. Pombe huizuia homoni ya vasopresini, ambayo kazi yake ni kuziagiza figo zihifadhi maji, kwa hiyo anayekunywa hukojoa zaidi ya alichokunywa, na hukojoa mara kwa mara. Katika mashua isiyo na choo, mwanamume aliyekunywa husimama ukingoni mwa chombo, mgongo ukiwaelekea wenzake, mkono mmoja ukishughulika na zipu na mwingine mara nyingi haujashika chochote. Ni vigumu kubuni mkao ulio mbaya zaidi kwa mtu ambaye sikio lake linamdanganya. Dawa yake ni kopo lenye mdomo mpana, litumiwe mtu akiwa amepiga magoti katikati ya mashua; heshima inayopotea hapo ni ndogo.

Sasa tuseme ameanguka. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa, lakini baridi ya taratibu siyo adui wa kwanza. Mtaalamu Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameieneza kanuni ya moja, kumi, moja kwa anayetumbukia katika maji ya baridi sana: ana dakika 1 ya kuidhibiti pumzi yake, takribani dakika 10 za kutumia mikono na miguu kwa manufaa, na karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya baridi. Dakika ile ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mwili hutweta wenyewe kwa nguvu, na atakayetweta kichwa kikiwa chini ya maji huyavuta maji hayo mapafuni. Inahitaji mtu aliyetulia, akumbuke kuelea kwanza na kuogelea baadaye. Pombe huiondoa busara hiyo hasa.

Kuhusu ile imani kwamba kileo kikali humpasha mvuvi joto, hisia ya joto ni ya kweli, lakini joto lenyewe linapotea. Pombe hutanua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, damu ya vuguvugu hukimbilia nje, ngozi husikia raha, na joto la ndani hushuka. Vilevile huweza kupunguza kutetemeka, ambako ndiko mwili unakozalishia joto, na kwa mtu mwenye njaa aliyechoka hulizuia ini lisitengeneze sukari mpya ya kuuendesha mwili.

Anayemeza vidonge vya kuzuia kigegezi, kama vile dimenhidrinati au meklizini, hana ruhusa yangu ya kunywa hata kidogo. Dawa hizo husababisha usingizi zenyewe, na pombe huuzidisha.

Basi hukumu yangu ni hii. Ndani ya mashua, asinywe mtu yeyote, awe ameshika usukani au ameshika mshipi, na pombe ibaki nchi kavu mpaka chombo kifungwe. Juu ya miamba inayopigwa na mawimbi, ndani ya mto wenye mkondo, au juu ya barafu, kanuni ni ileile, kwani huko nako hatua moja ya kuteleza inakufikisha majini. Kwa anayevua kwa ajili ya riziki sina hata haja ya kubishana: Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unadai kwamba wavuvi wa vyombo vinavyokaa baharini zaidi ya siku tatu wapate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na sababu yake ni kwamba uchovu peke yake unatosha kuua. Ama mtu mzima aliyeketi ukingoni palipo tambarare, akiwa na wenzake, asiyekusudia kuogelea wala kuendesha gari, na asiye na mtoto wa kumwangalia, akinywa bia moja mimi sitamkataza. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na halikukosea. Lakini lilikuwa likizungumzia saratani na maradhi mengine ya muda mrefu, ilhali mimi nazungumzia kurudi nyumbani leo. Visu na ndoana bado vitamjeruhi, ila kidole kilichochomwa hushonwa.

Ikitokea kwamba mmoja wenu tayari amelewa na mko majini, mvalisheni jaketi, mkalisheni chini katikati ya chombo, chukueni kisu chake, na rudini. Akianguka majini, mwenzake yeyote asijitose kumfuata. Mrushieni kamba au kitu kinachoelea, zimeni injini kabla hajafika karibu na rafadha, na mkimtoa mlazeni badala ya kumsimamisha. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni, msimsugue mikono na miguu, wala msimpe pombe nyingine. Hapo wenzake hukosea kwa namna moja ambayo ni lazima niitaje, kwa kuwa ulimi mzito, mwendo wa kuyumba na usingizi ni dalili za ulevi na pia ni dalili za mwili uliopoa kupita kiasi, na waliokuwa wakinywa naye huamua kwamba ni pombe tu, wakamwacha alale. Aliyetoka majini akiwa na dalili hizo achukuliwe kuwa ni mgonjwa wa baridi, alazwe kwa ubavu ikiwa anatapika au hajitambui, asiachwe peke yake, na mnapowaita waokoaji waambieni alikunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi.